Kipimo cha Mmoja na Hesabu ya Wengi

Methali mbili za Kiswahili zasimama zikitazamana kama majirani wasiosemezana. Moja yasema kwamba vidole vya mkono havilingani. Nyingine yasema kwamba samaki mmoja akioza, wote wameoza. Ya kwanza yafundisha kwamba viumbe wa asili moja hutofautiana. Ya pili yaruhusu tenga zima lihukumiwe kwa kunuswa samaki mmoja. Mnunuzi sokoni hushika ya pili, wala halaumiwi. Lakini mwenye kuchunguza watu, au ng'ombe, au samaki walio hai majini, akiishika hiyo ya pili hupotea, na upotevu wake waweza kudumu miaka mia. Insha hii yaeleza jinsi elimu ya takwimu ilivyowatoa wachunguzi wa viumbe katika methali ya pili ikawarudisha katika ya kwanza. Na kwa kuwa mlango mmoja wa habari hii ulifunguliwa Karagwe, yafaa tuanzie huko.

Karagwe ya zamani ilikuwa ufalme katika nchi ya vilima na mabonde magharibi ya Ziwa Viktoria. Mto Kagera ndio uliokuwa ukuta wake upande wa machweo na upande wa kaskazini. Siku hizi nchi hiyo imo katika Mkoa wa Kagera, na mwaka wa 2012 Wilaya ya Karagwe ilimegwa ikazaliwa Wilaya ya Kyerwa. Mtu wa Rugera, atazamapo migomba na mashamba ya kahawa na ng'ombe wenye pembe ndefu, huitazama nchi ile ile iliyotawaliwa na Wahinda, ambao mfalme wao aliitwa Omukama na makao yake makuu yalikuwa Bweranyange. Huko Bweranyange, mwezi wa Novemba 1861, walifika wasafiri wawili wa Kiingereza, John Hanning Speke na James Augustus Grant, waliotoka Unguja mwaka uliotangulia wakitafuta chanzo cha Mto Nili. Mkalimani wao alikuwa Sidi Mubarak Bombay, na Kiswahili ndicho kilichokuwa daraja la mazungumzo yao mengi njiani. Omukama Rumanyika aliwapokea kwa ukarimu ambao Speke hakuusahau katika kitabu alichochapisha mwaka wa 1863.

Katika jumba la Rumanyika palikuwa na desturi ya kuwanenepesha wake wa wakuu kwa maziwa, hata wakashindwa kusimama kwa urahisi. Unene ulikuwa heshima, nao ulidhihirisha wingi wa ng'ombe wa mume. Speke alistaajabu, na kama desturi ya wasafiri wa zama zake, alitaka kupima. Alimwomba shemeji mmoja wa mfalme ruhusa, akaahidi kwamba yeye naye atamwonyesha miguu na mikono yake mitupu, na bibi yule akakubali. Ahadi ikatimizwa, na vipimo vikaandikwa: mkono, mzingo wa futi 1 na inchi 11, kifua, futi 4 na inchi 4, paja, futi 2 na inchi 7, shavu la mguu, futi 1 na inchi 8, kimo, futi 5 na inchi 8. Mpimaji mwenyewe alikiri kwamba kimo hakikuwa cha hakika kama vipimo vingine. Bibi yule naye aliitazama mikono ya mgeni wake, lakini hakuwa na daftari, kwa hiyo maoni yake hayakutufikia. Hili nalo ni somo la kwanza la takwimu: kinachoandikwa hutegemea kalamu imo mkononi mwa nani.

Si binadamu tu aliyepimwa. Katika matete ya ziwa dogo la Karagwe huishi paa wa majini aitwaye nzohe, mwenye kwato ndefu zinazopanuka ili asizame matopeni. Speke alimwona mnyama huyu kwa hisani ya Rumanyika, na mwaka wa 1863 wataalamu wa wanyama wa London wakampa jina la kitaalamu lenye kumkumbuka Speke, jina analoliita ulimwengu hata leo. Kwa desturi ya elimu ya wanyama ya wakati ule, kielelezo kimoja au viwili vilitosha kuwa mfano wa aina yote. Lakini nzohe dume ana pembe na manyoya yenye rangi ya kiza, na jike hana pembe na rangi yake huelekea wekundu. Mwenye kumwona dume peke yake angeandika kwamba nzohe wote wana pembe. Mwenye kumwona jike peke yake angeandika kinyume, na kila mmoja angeapa kwamba ameona kwa macho yake. Macho hayakudanganya, hesabu ndiyo iliyokuwa fupi.

Basi tujiulize: Speke alipotoka Karagwe, alijua nini juu ya miili ya watu wa Karagwe? Alijua vipimo vya mwanamke mmoja, aliyechaguliwa kwa sababu alikuwa tofauti na wengine, katika jumba lililokuwa na chakula kisichokuwa cha wote. Hakupima wanawake wa wakulima. Hakupima wafinyanzi, wala wahunzi, wala watoto waliochunga ndama. Hakuwa na wastani, wala hakujua watu hutofautiana kwa kiasi gani kuuzunguka wastani huo. Hata hivyo aliandika nadharia kubwa. Alisema kwamba watawala wenye ng'ombe wa nchi hizi za maziwa makuu walikuwa kizazi cha wageni waliotoka upande wa Uhabeshi, wakawashinda wenyeji wakulima. Aliwatazama watu wachache wa majumba ya wafalme, akaona pua na vimo, akasoma ndani yake historia ya maelfu ya miaka. Waandishi waliokuja baadaye waliiita nadharia hiyo ya Wahamu, na mwaka wa 1930 C. G. Seligman aliipa nguvu katika kitabu chake juu ya mbari za Afrika. Samaki mmoja alikuwa amenuswa, na tenga zima likahukumiwa.

Wakati huo huo, huko Ulaya, ilikuwa ikizaliwa elimu ambayo ingaliweza kumwonya Speke. Mbelgiji Adolphe Quetelet, katika kitabu chake cha mwaka wa 1835, alikusanya vimo na uzito wa watu wengi, akatoa wazo la mtu wa wastani. Baadaye alitumia vipimo vya vifua vya askari 5,738 wa Uskoti, akaonyesha kwamba vipimo hivyo vikipangwa kwa safu hujenga umbo la kengele: wengi hujikusanya katikati, na wachache huachwa pande mbili, wembamba sana huku na wapana sana huku. Quetelet aliutazama wastani kama shabaha ya Muumba, na tofauti za watu akaziona kama mishale iliyoikosa shabaha. Kwake yeye, kilichokuwa cha kweli ni kile cha katikati. Tofauti zilikuwa makosa.

Aliyeligeuza wazo hilo ni Francis Galton, Mwingereza aliyekuwa mwanachama wa chama kile kile cha jiografia kilichomtuma Speke. Galton naye alikuwa amesafiri Afrika, katika nchi iitwayo leo Namibia, kati ya mwaka wa 1850 na 1852, na huko alimpima mwanamke mmoja kwa mbali kwa chombo cha mabaharia cha kupimia pembe za nyota, pasipo kumwomba ruhusa. Kwa adabu, basi, alikuwa chini ya Speke. Lakini baadaye alitambua jambo ambalo Speke hakulitambua: kwamba tofauti zenyewe ndizo habari. Mwaka wa 1884 alifungua chumba cha vipimo katika maonyesho ya afya mjini London, na watu zaidi ya 9,000 wakapimwa humo kwa hiari yao. Mwaka wa 1886 alilinganisha vimo vya watoto 930 waliokwisha kukua na vimo vya wazazi wao, akaona kwamba watoto wa wazazi warefu sana huwa warefu, lakini kwa kawaida si warefu kama wazazi wao. Huelekea kurudi katikati. Mwaka wa 1888 akatoa njia ya kupima uhusiano wa vitu viwili vinavyobadilika pamoja, kama kimo na urefu wa mkono.

Rafiki zake wakaipeleka hesabu hiyo kwa wanyama. W. F. R. Weldon alipima kaa majike 1,000 wa Naples na 1,000 wa Plymouth, akachapa matokeo mwaka wa 1893. Karibu vipimo vyote vilijenga kengele moja nzuri, isipokuwa kimoja cha kaa wa Naples, upana wa paji la gamba, ambacho kengele yake ilipinda. Mwaka uliofuata Karl Pearson alionyesha kwa hesabu kwamba mchoro uliopinda namna hiyo waweza kuvunjwa ukawa kengele mbili zilizolaliana, kana kwamba makundi mawili yamechanganyika. Mwaka wa 1900 Pearson akatoa jaribio la kuamua kama hesabu zilizoonekana zatofautiana na zile zilizotarajiwa kuliko inavyoweza kuletwa na bahati. Na mwaka wa 1901 watatu hao, Galton, Pearson na Weldon, wakaanzisha jarida la Biometrika, la hesabu za viumbe.

Tazama sasa jinsi swali la kaa wa Naples linavyofanana na swali la Karagwe. Speke alisema: hapa pana watu wa asili mbili. Mwanatakwimu husema: nionyeshe kengele mbili. Si kengele moja tu kwa kukisia, bali vipimo vya watu wengi, waliochaguliwa pasipo upendeleo, wa majumbani na wa mashambani. Na hata kengele mbili zikionekana, kazi haijaisha. Tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme kilima kimoja kina watoto mia waliokuzwa kwa maziwa mengi, na watoto mia waliokuzwa kwa ndizi peke yake, na wote ni wajukuu wa babu mmoja. Tukiwapima walipokua, huenda tukapata kengele mbili, na pasiwe na wageni kutoka Uhabeshi wala kokote. Kengele mbili zatuambia kwamba kuna sababu. Hazitaji jina la sababu hiyo. Chakula chaweza kuwa sababu, maradhi yaweza, urithi waweza, na hata namna ya kuwachagua wa kupimwa yaweza. Kinachoitwa elimu ni kazi ya kutenga sababu moja na nyingine.

Haitakuwa haki kuwasifu watu hawa bila kueleza ubaya uliotoka katika chumba kile kile. Mwaka wa 1883 Galton alibuni neno yujeniki, yaani elimu ya kukibagua kizazi cha binadamu kama mfugaji abaguavyo madume ya zizi. Pearson aliifuata. Hesabu zao nyingi zilikuwa sahihi, lakini maswali waliyoyaweka mbele ya hesabu yalikuwa yamekwisha kujibiwa na kiburi. Katika karne ya 20, kwa jina la yujeniki, watu walikatwa uzazi kwa nguvu katika nchi kadhaa za Ulaya na Marekani, na Wanazi wa Ujerumani waliisukuma hata ikafika kwenye mauaji. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba namba humtakasa mwenye kuzitumia. Kisu kikali hukata nyama na kidole kwa ukali ule ule.

Upande wa pili wa Kagera, katika Ruanda iliyotawaliwa na Ubelgiji, nadharia ya Wahamu ilitoka vitabuni ikaingia serikalini. Katika miaka ya 1930 serikali iliandika kila mtu kuwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa, na jina hilo likatiwa katika kitambulisho chake. Katika miaka ya 1950 mtaalamu Jean Hiernaux alipima miili ya watu wengi wa Ruanda na Urundi, akachapa vipimo vyao mwaka wa 1954. Alipata kweli kwamba wastani wa kimo wa Watutsi aliowapima ulizidi ule wa Wahutu. Lakini wastani si mtu. Kengele mbili zenye vilele tofauti huweza kulaliana hata ikawa haiwezekani kumtambua mtu kwa kimo chake; wako wafupi wengi chini ya kengele ndefu na warefu wengi chini ya kengele fupi. Kitambulisho hakijui kulaliana. Kitambulisho hukata mstari mahali ambapo maumbile hayakukata, na aliye upande huu wa mstari hawi tena na chembe ya upande ule. Hiernaux mwenyewe, baada ya kupima sana, alikuwa miongoni mwa wataalamu waliokataa kwamba binadamu waweza kugawanywa katika mbari zenye mipaka.

Mwaka wa 1994 vitambulisho hivyo vilisomwa kwenye vizuizi vya barabarani, na watu wanaokadiriwa kufika 800,000 au zaidi wakauawa katika muda wa siku mia hivi. Mwishoni mwa mwezi wa Aprili mwaka huo watu zaidi ya 200,000 walivuka Rusumo na kuingia Ngara kwa muda wa kama siku moja, na Karagwe nayo ikapokea wakimbizi wengi. Sisemi kwamba utepe wa kupimia uliua. Waliua watu, kwa amri za watu, kwa sababu za utawala na mali na hofu. Lakini wazo kwamba jirani ni mgeni wa damu lilikuwa na historia yake, na baadhi ya kurasa za kwanza za historia hiyo ziliandikwa na mtu aliyewatazama wachache akawasemea wote.

Lakini katika ukanda huu huu wa Ziwa Viktoria hesabu ya wengi ilifanya pia kazi njema, na kazi hiyo inahesabiwa miongoni mwa mifano bora ya elimu ya viumbe duniani. Anthony Allison, aliyezaliwa Afrika Kusini mwaka wa 1925 na kulelewa Kenya, alikusanya damu katika safari ya mwaka wa 1949 akitafuta tofauti za makabila. Miongoni mwa mambo aliyoyachunguza palikuwa na selimundu, yaani hali ya chembe nyekundu za damu kujipinda kama mundu. Aliona kwamba karibu na pwani na karibu na Ziwa Viktoria wenye alama ya selimundu walikuwa wengi, lakini katika nyanda za juu walikuwa haba sana. Na tofauti hiyo haikufuata lugha wala kabila; ilifuata nchi. Kule kwenye mbu wengi na malaria ya mwaka mzima, selimundu ilikuwa nyingi.

Mwaka wa 1953 Allison alikwenda Uganda kulijaribu wazo lake. Alichunguza watoto 290 wa Kiganda. Katika watoto 43 wenye alama ya selimundu, 12 walikuwa na vijidudu vya malaria katika damu, yaani asilimia 27.9. Katika watoto 247 wasio na alama hiyo, 113 walikuwa navyo, yaani asilimia 45.7. Je, tofauti hii yaweza kuwa ni bahati tu? Tukitumia jaribio la Pearson la mwaka wa 1900, twaona kwamba bahati tupu ingeleta tofauti kubwa kiasi hicho kama mara 3 tu katika kila mara 100. Ushahidi huo si mlima, lakini si kichuguu pia. Matokeo yalichapwa mwaka wa 1954, na wengine wakayapima upya mahali pengi, na wazo likasimama.

Hesabu iliyo nzuri kuliko zote ilitoka Musoma, ng'ambo ya ziwa, upande wa pili kutoka Bukoba, nayo ilichapwa mwaka wa 1956. Ili kuifahamu, yafaa tujue kanuni moja iliyopatikana mwaka wa 1908 na watu wawili, kila mmoja kwa njia yake, G. H. Hardy wa Uingereza na Wilhelm Weinberg wa Ujerumani. Kila mtu hurithi upande mmoja kwa baba na upande mmoja kwa mama. Ikiwa watu huoana pasipo kuangalia alama fulani ya damu, na alama hiyo haimdhuru wala haimfai mtu, basi tukijua wingi wa alama hiyo katika kundi lote twaweza kukadiria ni wangapi walioipata pande zote mbili, wangapi upande mmoja, na wangapi hawakuipata kabisa.

Katika Musoma watoto wachanga 287 walichunguzwa. Wenye damu ya kawaida pande zote mbili walikuwa 189. Wenye selimundu upande mmoja 89. Wenye selimundu pande zote mbili 9. Kanuni yatabiri kiasi cha 190, 87 na 10. Utabiri na ukweli vyakaribia kugusana kama mlango na kizingiti chake. Kisha wakachunguzwa watu wazima 654. Wenye damu ya kawaida walikuwa 400. Wenye selimundu upande mmoja 249. Wenye pande zote mbili 5 tu. Hapa kanuni ingetabiri kiasi cha 421, 208 na 26. Msomaji na atazame tofauti hizo taratibu. Wale wa pande zote mbili walipaswa kuwa 26, wamekuwa 5. Wako wapi wengine? Wamekufa utotoni kwa ugonjwa wa selimundu. Wale wa damu ya kawaida wamepungua wakawa 400 badala ya 421. Hawa nao wako wapi? Wengi wamechukuliwa na malaria. Na wale wa upande mmoja wamezidi, 249 badala ya 208, kwa kuwa alama yao iliwakinga na malaria bila kuwaua kwa selimundu.

Katika safu mbili za namba tumeona makaburi ambayo hakuna aliyetuonyesha. Hakuna mtu mmoja ambaye kupimwa kwake kungetufunulia jambo hili, hata kama angepimwa kwa uangalifu wa miaka kumi. Mtoto mmoja aliyekufa ni msiba wa mama yake, na sababu ya kifo yaweza kudhaniwa kuwa jicho baya au homa au maji. Lakini watoto 287 na watu wazima 654, wakiwekwa bega kwa bega, wanasema kwa kinywa kimoja. Tena tazama kwamba takwimu hapa haikuuliza nani bora na nani duni. Alama ile ile ni kinga kwa mtu mmoja na maangamizi kwa mwingine, na ni ugonjwa usio na faida mahali pasipo na malaria. Kwa jambo hili neno damu bora halina maana. Lililo na maana ni mahali, na mbu, na wakati.

Wanyama nao wamefaidika na mwendo huo. Katika Ziwa Viktoria waliishi mamia ya aina za samaki wadogo wa jamii ya furu, wanaofanana hata mvuvi mzoefu huwachanganya. P. H. Greenwood, aliyefanya kazi Jinja katika miaka ya 1950, hakutosheka na samaki mmoja wa kila aina. Alipima wengi: urefu wa kichwa, upana wa jicho, umbo la taya, akaandika kidogo kabisa, kikubwa kabisa na wastani wa kila kipimo. Kwa njia hiyo ilidhihirika kwamba taya moja ni la kuvunjia konokono na taya jingine ni la kukwangulia mwani, na kwamba tofauti iliyodhaniwa kuwa ya kijinga ilikuwa ya riziki. Kazi hiyo ilipata uchungu baadaye, kwa maana sangara aliyetiwa ziwani aliongezeka sana katika miaka ya 1980, na aina nyingi za furu zikatoweka. Lau zisingalipimwa mapema, tusingalijua hata kilichopotea.

Na maziwa yale ya Bweranyange yamepata hesabu yake pia. Mwaka wa 2007 Sarah Tishkoff na wenzake, wakiwemo watafiti wa Afrika Mashariki, walichapa uchunguzi wa watu 470 wa makundi 43 ya Tanzania, Kenya na Sudani. Walitaka kujua kwa nini watu wazima wengine huyeyusha maziwa vizuri tumboni na wengine huumwa. Walipata mabadiliko matatu ya urithi yaliyo tofauti na lile la Ulaya, yaliyozuka pasipo kulitegemea. Kumbe uwezo wa kunywa maziwa haukungoja kuletwa kutoka Ulaya. Wafugaji wa upande huu wa dunia waliupata kwa njia yao, katika maelfu ya miaka ya kuishi na ng'ombe. Na Richard Lewontin alikuwa amekwisha kuonyesha mwaka wa 1972, kwa alama 17 za damu, kwamba kiasi cha asilimia 85 ya tofauti zote za binadamu zimo ndani ya kila kundi, kati ya jirani na jirani, na asilimia 6 hivi tu ndizo zinazotenga zile zilizoitwa mbari. Mtu wa Rugera na mwenzake wa kilima kile kile huweza kutofautiana katika damu zaidi kuliko wastani wa nchi mbili zilizo mbali.

Ni nini, basi, kinachotupasa? Kwanza, tusikubali sifa wala lawama ya watu wote iliyotolewa kwa kumwona mmoja, hata ikiwa imeandikwa kitabuni kwa futi na inchi. Pili, tukipewa wastani, tudai pia kiasi cha kutofautiana, kwa maana wastani usio na jamaa zake ni nusu ya habari. Tatu, tuulize waliopimwa walichaguliwaje, nani aliachwa nje, na nani aliyeshika kalamu. Nne, tusichukue namba ya mahali pamoja tukaivika pengine. Hesabu ya Musoma ni ya Musoma. Mwenye kutaka kujua habari za damu za Rugera, iliyo katika nchi ya vilima, hana budi kuwapima watu wa Rugera, kwa ridhaa yao, na kuwarudishia matokeo.

Jambo hili si la wasomi peke yao. Inakadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa kila mwaka nchini Tanzania wakiwa na ugonjwa wa selimundu, na Tanzania ni mojawapo ya nchi zenye watoto wengi zaidi wa namna hiyo duniani. Mtoto akitambuliwa mapema, akakingwa na maambukizo na malaria, akapata dawa, huweza kukua, kusoma na kulea watoto wake. Asipotambuliwa, huingia katika ile tofauti ya 26 na 5. Kuamua zahanati zipi zipewe vipimo, dawa ngapi ziagizwe, na wapi wafundishwe wakunga, ni kazi ya hesabu ya wengi. Lakini kila mmoja wa hao wengi ni mtoto mmoja, mwenye jina na mama, na hesabu hufanywa kwa ajili yake.